Methani ya umeme na joto Afrika Mashariki: tupime kuanzia kwenye chanzo, ndipo tuchague

Ukifungua taarifa ya gesijoto ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki ukatafuta mstari wa methani itokanayo na uzalishaji wa umeme na joto, utakuta tarakimu ndogo mno. Mifugo na kilimo vina mlima wa methani, taka zina kilima, umeme una kichuguu. Tarakimu hiyo si ya uongo, ila imepimwa mahali pamoja tu, kwenye bomba la moshi la mtambo. Methani iliyovuja kwenye visima na mabomba ya gesi huandikwa ukurasa mwingine. Inayopanda kutoka kwenye bwawa la umeme huhesabiwa, ikihesabiwa, pamoja na ardhi iliyofunikwa na maji. Ya tanuri la mkaa ina mstari wake.

Kwa mtunza hesabu mgawanyo huo ni wa lazima, maana unazuia kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili. Kwa anayechagua mtambo wa kujenga, au jiko la kupikia chakula cha shule, unapotosha. Ndiyo maana hapa nimefuata nishati tangu inapotoka hadi inapotumika, na nimeweka vyanzo viwiliviwili au vitatu, kwa sababu ndivyo uchaguzi unavyofika mezani. Hakuna anayepewa vyanzo kumi achague kwa mkupuo.

Kwanza kipimo, ili tusije tukabishana bure. Kwa mujibu wa ripoti ya sita ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, kilo 1 ya methani inayotoka ardhini kwenye gesi au makaa ya mawe huongeza joto sawa na kilo 82.5 za hewa ukaa ukihesabu miaka 20, na kilo 29.8 ukihesabu miaka 100. Methani ya mimea na samadi iko chini kidogo: 79.7 na 27. Pengo hilo kati ya miaka 20 na 100 linatokana na methani kudumu hewani kama miaka 12 tu, wakati hewa ukaa hubaki kwa karne nyingi. Nimetumia hesabu ya miaka 20 na sifichi sababu: mtambo unaofungwa leo utaishi kama muda huo, na methani ndiyo gesi ambayo tukiipunguza sasa, sisi wenyewe tutaona nafuu yake.

Gesi asilia: turbini au injini?

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudhani hakuna cha kuchagua. Gesi ni gesi, wanasema. Sivyo.

Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ikaanza kuitumia kuzalisha umeme mwaka 2004. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likafuata mwaka 2015. Leo jiji hilo moja lina aina tatu za mitambo ya gesi. Kuna turbini za mzunguko mmoja, kama za Kinyerezi I, ambapo gesi iliyoungua huzungusha turbini na joto lake likaishia hewani. Kuna mzunguko pacha wa Kinyerezi II, ambapo joto hilo huchemsha maji na mvuke ukazungusha turbini ya pili. Na kuna injini kubwa za gesi, kama za Ubungo na Tegeta, zinazofanya kazi kwa bastola na silinda mithili ya injini ya lori.

Injini ina sifa nzuri. Huwaka haraka, hupandishwa na kushushwa kirahisi, na hutumia gesi kidogo kuliko turbini ya mzunguko mmoja kwa umeme uleule. Ila kwenye pembe za silinda, pale moto usipofika vizuri, gesi kidogo hupita bila kuungua na kutoka kwenye ekzosi ikiwa methani ileile iliyoingia. Turbini huchoma gesi mfululizo kwenye chumba chenye joto kali, na karibu yote huungua. Mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006 unakadiria tofauti hiyo: kilo 4 za methani kwa kila terajuli (kipimo cha nishati) ya gesi kwenye turbini kubwa, kilo 1 kwenye mzunguko pacha, na kilo 597 kwenye injini ya mipigo minne inayochoma gesi kidogo kwa hewa nyingi. Kilo 597 ni kama 3% ya gesi yote iliyoingia. Injini mpya zilizotunzwa vizuri hupitisha pungufu ya hapo, ndiyo maana nimeweka mstari wa nne.

Hesabu ya jedwali nimeifanya mwenyewe, kwa ufanisi ulioandikwa kwenye mabano, bila kuingiza uvujaji wa kwenye mabomba. MWh ni megawati-saa moja ya umeme, na jumla ni kilo za hewa ukaa pamoja na methani iliyogeuzwa kuwa hewa ukaa:

| Mtambo | Methani, kilo kwa terajuli | Hewa ukaa, kilo kwa MWh | Jumla kwa MWh, miaka 20 |
|---|---|---|---|
| Turbini ya mzunguko mmoja (35%) | 4 | 577 | 580 |
| Mzunguko pacha (50%) | 1 | 404 | 405 |
| Injini, makadirio ya IPCC (45%) | 597 | 449 | 843 |
| Injini inayopitisha 1% ya gesi (45%) | 200 | 449 | 581 |

Tazama mstari wa kwanza na wa nne. Injini iliyosifiwa kwa kubana matumizi hutoka sare na turbini ikipitisha asilimia moja tu ya gesi. Ikizidi hapo, faida yote ya kuokoa gesi imeliwa. Na injini hupitisha gesi zaidi inapofanya kazi kwa nguvu ndogo, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa mtambo uliowekwa kufidia pale jua likizama au mto ukipungua.

Kama mtambo utawaka mchana na usiku, chagua mzunguko pacha, wala usihangaike na mjadala. Kama utawaka saa chache kwa siku na kuzimwa, injini bado inaweza kufaa, ila mkataba utaje kiwango cha juu cha methani kwenye ekzosi, kwa mzigo kamili na kwa nusu mzigo, na vipimo virudiwe kila mwaka. Muuzaji atakuonyesha karatasi ya ufanisi kabla hujaiomba. Karatasi ya methani lazima uidai.

Kisha kuna bomba lenyewe. Kila asilimia moja ya gesi inayovuja kati ya kisima na mtambo huongeza kama kilo 170 kwenye jumla ya turbini ya mzunguko mmoja, na kama kilo 119 kwenye mzunguko pacha. Uvujaji huo una sura za kawaida sana: vali isiyofunga sawasawa, kompresa yenye sili iliyochakaa, bomba lililotolewa gesi yote ili fundi aingie kazini. Kamera ya miale ya joto huionyesha methani kama moshi unaofuka mahali ambapo jicho halioni kitu. Kati ya hatua zote zilizomo humu, hii ndiyo inayorudisha gharama yake mapema, maana kinachozuiwa kuvuja ni bidhaa ya kuuzwa.

Gesi au makaa ya mawe na mafuta mazito?

Mtambo wa makaa ya mawe wa ufanisi wa 37% hutoa kama kilo 920 za hewa ukaa kwa MWh, kabla ya kuhesabu methani inayotoka mgodini. Kwa jedwali la juu, turbini ya mzunguko mmoja hupoteza ubora wake dhidi ya makaa uvujaji ukifika kama 2%, na mzunguko pacha ukifika kama 4.3%. Kwa hiyo gesi ni bora kwa sharti, na sharti lenyewe ni bomba lisilovuja. Kenya ilikaribia kujenga mtambo wa makaa wa megawati 1,050 huko Lamu hadi Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake mwezi Juni 2019, na sioni hoja ya methani wala ya hewa inayoweza kuurudisha.

Dizeli na mafuta mazito hutoa methani kidogo sana, kilo 3 kwa terajuli. Ubaya wake uko kwenye masizi, hewa ukaa na gharama.

Bwawa kubwa au mtambo wa mtoni?

Umeme wa maji hauna bomba la moshi, kwa hiyo kwenye ule mstari wa taarifa methani yake ni sifuri. Lakini majani, nyasi na udongo wenye rutuba vikifunikwa na maji mengi huoza chini mahali pasipo na oksijeni, na uozo wa namna hiyo huzaa methani. Gesi hiyo hutoka kwa njia tatu. Hupanda kama mapovu, hasa sehemu za kina kifupi na pale mito inapomwaga tope, kama watafiti walivyoona kwenye Ziwa Kariba, bwawa lililo kati ya Zambia na Zimbabwe. Hupenya polepole juu ya uso wa maji. Na hutoka ghafla maji ya vilindini yanapopita kwenye turbini na kuachiliwa chini ya ukuta, kama chupa ya soda inavyofuka ukifungua kizibo.

Kipimo rahisi cha kulinganisha mabwawa ni wati kwa kila mita ya mraba ya maji. Mfumo wa Maendeleo Safi chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesijoto, ulikitumia: bwawa la chini ya wati 4 halikukubaliwa kuuza hati za kaboni, la kati ya 4 na 10 lilikatwa gramu 90 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, na la zaidi ya 10 likahesabiwa kuwa halina methani ya kutajwa.

Bujagali, kwenye Nile nchini Uganda, ina megawati 250 na bwawa lisilofika kilometa za mraba 5. Hiyo ni zaidi ya wati 50. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina megawati 2,115 kutoka mitambo 9, na maji yake yamefunika kilometa za mraba 1,000 hivi. Hiyo ni kama wati 2. Masinga kwenye Mto Tana, Kenya, ina megawati 40 tu juu ya kilometa za mraba kama 120, yaani theluthi moja ya wati, na ukiishia hapo utaihukumu vibaya. Masinga ndiyo ghala la maji la Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere chini yake. Maji yaleyale huzalisha umeme mara tano, kwa hiyo hesabu ya haki hugawa methani yake kwa mitambo yote mitano.

Je, Rufiji lilikuwa kosa? Siamini hivyo, na wati 2 hazitoshi kunishawishi. Kipimo hiki hukadiria hatari tu, hakipimi gesi yenyewe. Kabla ya bwawa kuanza kujazwa Desemba 2022, serikali ilikuwa imetangaza zabuni, mwaka 2018, ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2 kwenye eneo hilo. Hatua hiyo husaidia, ila kwa methani husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa: gogo huoza polepole kwa miaka mingi, wakati majani, nyasi na udongo wa juu ndivyo vinavyotoa gesi nyingi miaka ya mwanzo. Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo hii tuliyomo. Ningependa kuona vipimo vya mapovu kwenye midomo ya mito inayoingia bwawani, na vya maji yanayotoka chini ya ukuta, vikichukuliwa kiangazi na masika na kuwekwa wazi. Bwawa tayari lipo, na njia ya kulitumia bado inachagulika. Maji yakishuka sana kila kiangazi, kingo huota nyasi, kisha masika huzizamisha na kuzigeuza methani mpya. Kulipandisha na kulishusha kwa kiasi hupunguza hilo.

Kwa miradi ijayo yenye umeme unaokaribiana, chagua korongo refu na jembamba uache bonde pana. Na kabla ya kumwaga zege, uliza mdomo wa kuchukulia maji uko kina gani. Mdomo unaochota tabaka la juu lenye oksijeni hupitisha methani kidogo kuliko unaochota vilindini.

Ziwa Kivu, lisilolinganishika

Chini ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, kuna takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani na kama bilioni 300 za hewa ukaa, zimeyeyuka majini na kushikiliwa na uzito wa maji ya juu. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia gesi hiyo kuchemshia boila zake miaka ya 1960. Mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulizinduliwa mwaka 2016, na mwingine mkubwa zaidi umefuata upande wa Rubavu.

Wengi hudai kuwa kuichoma ni kuiokoa dunia na methani hiyo. Nusu ya dai ni kweli. Kwa sasa kiasi kidogo sana hufika juu ya ziwa, kwa sababu bakteria huila njiani, kwa hiyo mwaka hadi mwaka hakuna methani kubwa inayozuiwa. Kinachozuiwa ni balaa. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika hewa ukaa na kuua watu wapatao 1,700, na Kivu ni kubwa kiasi kwamba kulilinganisha nalo ni kama kulinganisha bahari na kisima, huku mamilioni wakiishi ufukweni. Ukiongeza umeme unaopatikana, hoja ya kuivuna inasimama yenyewe. Ila KivuWatt hutumia injini, kwa hiyo yale niliyosema kuhusu ekzosi yanahusika hapa pia, pamoja na methani inayobaki kwenye maji yaliyosafishia gesi na jinsi yanavyorudishwa ziwani.

Jotoardhi, upepo na jua

Kwa methani peke yake, hapa hakuna mashindano. Upepo na jua havitoi. Mvuke wa visima vya jotoardhi vya Olkaria, Kenya, huleta gesi, lakini nyingi ni hewa ukaa na salfa ya haidrojeni, methani ni chembe. Faida ambayo haitajwi vya kutosha ni joto lenyewe. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilitumia jotoardhi kupasha nyumba za mimea, na huko Menengai joto la visima limejaribiwa kwenye kuchemsha maziwa. Kiwanda kilicho karibu na Bonde la Ufa kinachofikiria boila ya kuni au mafuta kingeuliza kwanza umbali wa kisima cha mvuke.

Joto la jikoni: mkaa, gesi ya mtungi au umeme?

Methani nyingi ya mkaa hutoka kwenye tanuri la udongo kule porini, mpishi haioni. Ndani ya tanuri mti huungua kwa kunyimwa hewa, na sehemu ya kaboni yake hutoka ikiwa methani. Vipimo vya matanuri ya Kenya vinaonyesha kama gramu 30 hadi 60 kwa kila kilo ya mkaa. Gunia la kilo 50, basi, limeshatoa kilo 1.5 hadi 3 za methani kabla halijapakiwa kwenye baiskeli. Likichomwa jikoni huongeza kama gramu 300, kwa makadirio ya IPCC ya kilo 200 kwa terajuli.

Chakula cha gunia hilo kinaweza kupikwa kwa mtungi mmoja wa kilo 15 hivi, kwa kuwa jiko la gesi hupoteza joto pungufu kuliko la mkaa. Methani ya kuuchoma mtungi huo haizidi gramu chache. Hewa ukaa yake ni kama kilo 45. Gunia la mkaa, kwa hesabu ya miaka 20, lina methani inayolingana na kilo 140 hadi 260 za hewa ukaa, na hapo hujagusa mti uliokatwa. Hata ukiongeza kinachovuja huko gesi ya mtungi inakotengenezwa, mkaa unashindwa. Jiko banifu husaidia kwa sababu magunia hupungua, na tanuri bora husaidia pale penyewe gesi inapotokea, lakini vyote viwili ni nafuu ya kupitia tu.

Umeme hutegemea gridi. Kenya hupata zaidi ya 80% ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, na jiko la presha la umeme huko huipita gesi ya mtungi waziwazi. Tanzania, tangu mitambo ya Rufiji ianze kuwashwa mwaka 2024, imesogea upande huohuo, pamoja na swali la bwawa nililolieleza. Kwa familia yenye umeme wa uhakika ningesema: maharage na makande yapikwe kwa presha ya umeme, mtungi ubaki wa chai na wa siku umeme umekatika.

Shule, hospitali, magereza: kuni au bayogesi?

Tanzania ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuanzia Januari 2024, na mkakati wake wa nishati safi ya kupikia unalenga 80% ya wananchi ifikapo 2034. Taasisi nyingi zinafikiria bayogesi, na ni chaguo zuri au baya kutegemea samadi ilikuwa inakwenda wapi.

Kinyesi cha ng'ombe kilichotawanyika malishoni hukauka na jua, na methani yake ni kidogo. Kilichorundikwa kwenye shimo lenye maji, au choo kilichojaa, huitoa kwa wingi. Ukichukua cha shimoni ukakitia kwenye mtambo, umeikamata gesi iliyokuwa ikitoroka. Ukikusanya cha malishoni, umetengeneza methani ambayo isingekuwepo, na kila inayovuja ni hasara mpya. Mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006 kuhusu taka hudhani uvujaji wa 5% pale pasipo na vipimo, kiwango ambacho kingemkosesha mtu usingizi kwenye bomba la Mtwara.

Kwa hiyo shule ya bweni yenye vyoo vingi na zizi la kufungia ng'ombe ichague bayogesi. Shule ya kutwa inayotegemea ng'ombe wa wafugaji wa jirani ichague gesi ya mtungi au umeme. Likizo nazo zipangwe mapema: mtambo hauachi kuzalisha wanafunzi wakiondoka, na gesi isiyopikiwa hutafuta mwanya. Lazima iwepo njia ya kuichoma, hata kichomeo kimoja cha mlinzi kuchemshia maji. Na kabla ya kumlipa fundi, mwambie apake povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, usimame hapohapo uone kama povu linafura.